Nyumba kongwe ya Magomeni au Temeke: kuta zikaguliwe mwisho

Pita Magomeni, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, hutakosa ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli." Mgeni wa jiji hucheka. Mthamini huyasoma maandishi hayo kama taarifa fupi ya soko. Yanamwambia kwamba kuna mtu, pengine mtoto wa marehemu, pengine mpangaji, pengine dalali wa kijiwe cha jirani, aliyekwisha kujaribu kuiuza. Yanamwambia pia kwamba waliomo ndani hawaaminiani, na kwamba viwanja vya mtaa ule vimepanda bei kiasi cha kumshawishi mtu auze kisicho chake.

Nimekuwa nikithamini nyumba za Kinondoni na Temeke kwa muda wa kutosha kuona mkondo mmoja. Mnunuzi anayeumia kwa nyumba ya zamani haumii sana kwa sababu ya ukuta. Ukuta hubomolewa ukajengwa. Anaumia kwa mrithi aliyejitokeza baada ya fedha kulipwa, kwa maji yaliyoingia sebuleni mwezi wa Aprili, au kwa alama ya X iliyopigwa na watu wa barabara. Lakini mtazame anapopelekwa kuona nyumba. Huanzia sebuleni, hupapasa marumaru mpya, hufungua bomba, huuliza kama chumba kikubwa kina choo cha ndani. Dalali naye hupenda aanzie huko, maana huko ndiko alikokwisha kupitisha rangi. Ninachoshauri ni kuugeuza mpangilio wote: uanze na mtaa, ufuate watu, kisha karatasi, na kuta ziwe za mwisho.

Mtaa una historia, na historia hiyo ndiyo inayokwambia utegemee karatasi gani. Ilala ilipangwa na Waingereza kwa ajili ya Waafrika kabla ya Vita Kuu ya Pili. Magomeni na Temeke zikafuata katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Ndiyo maana ukiwa Magomeni Mapipa au Temeke Mikoroshini unaona vichochoro vilivyonyooka na nyumba za Kiswahili zilizojipanga mstari: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kwenye choo, jiko na banda. Uhuru ulipokuja, Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa mwaka 1962 na kujenga nyumba nyingi za bei nafuu mahali palipokuwa na vibanda vya udongo. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese, iliyokwisha kujijenga yenyewe, ikiwekewa barabara na maji bila kubomolewa. Maeneo mengine, kama Tandale, Keko, Hananasifu na sehemu kubwa ya Mbagala, yalikua kwa watu kuuziana vipande vya mashamba ya minazi na mikorosho.

Kwa hiyo mtu akikwambia nyumba yake ya Sinza au Magomeni haina namba ya kiwanja wala kitalu, shtuka. Mitaa ile imepimwa. Ama anachouza ni kipande kilichokatwa kienyeji kutoka kiwanja cha mwenzake, ama karatasi halisi iko mikononi mwa mtu mwingine. Akikwambia hivyo Keko au Tandale, huenda ni kweli kabisa, na hapo utaulizia leseni ya makazi. Leseni hizi zilianza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 kwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Ardhi ya 1999, na kifungu hicho hakiruhusu leseni moja izidi miaka 5. Nyingi ninazoonyeshwa zilikwisha muda zamani, zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu. Leseni iliyoisha haimfanyi mtu kuwa mvamizi, lakini inakwambia kwamba kazi ya kurasimisha itakuwa yako, na gharama yake ipunguzwe kwenye bei.

Hata hati kamili ina siku zake. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1990 imekwisha mwaka 2023. Wanunuzi wengi huitazama picha ya mwenyewe na mihuri, hawapigi hesabu ya miaka iliyobaki. Na kuna wenye nyumba waliokaa miaka 40 na barua ya toleo tu, ile tunayoiita ofa, bila kuifuatilia hati. Ofa si kitu cha kudharau, ila nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ukahakikishe kuwa jalada lipo, na kuwa jina lililomo ndani ni lile lile.

Nyumba za Shirika ni mlango mwingine wa hasara. Mpangaji wa Shirika huweza kukupokeza funguo kwa kilemba kikubwa, mkaandikishana mbele ya mashahidi, ukadhani umenunua. Hukununua kitu. Umelipia upangaji wa mtu mwingine, na mwenye mali hakujui.

Baada ya mtaa, watu. Hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo penye maafa mengi.

Nyumba nyingi za zamani zinazotangazwa Kinondoni na Temeke ni nyumba za urithi. Mzee alijenga mwaka 1964, amefariki, mama naye amefuata, watoto wametawanyika Kibaha, Chanika na Tabora, na kodi ya vyumba inakusanywa na mdogo aliyebaki pale. Mdogo huyo ndiye anayekupokea, anakuonyesha, anapanga bei. Si mwizi. Lakini hana mamlaka. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambaye kwa familia nyingi huteuliwa na Mahakama ya Mwanzo na kupewa fomu namba IV. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini 14 na muhuri wa mtaa, ni hatua ya kuelekea mahakamani tu. Omba fomu hiyo, nenda nayo mahakama ile ile iliyoitoa, uthibitishe namba ya shauri, uulize kama kuna pingamizi, na uone orodha ya mali na ya warithi iliyowasilishwa. Wakati mwingine utakuta nyumba unayouziwa haimo kabisa kwenye orodha ya mali.

Kisha uwaone warithi wenyewe. Uliza swali ambalo kwa adabu zetu ni gumu kulitamka: mzee alikuwa na wake wangapi, na watoto wa nje je? Muulize shangazi, muulize jirani wa miaka mingi, usimuulize dalali. Wazee wengi waliojenga Magomeni na Temeke walikuja kutoka Rufiji, Kilwa, Mafia, Bagamoyo, Morogoro, na baadhi yao waliacha familia kule. Mtoto wa Ikwiriri aliyesahauliwa kwenye kikao cha ukoo ana haki sawa na yule aliyekukaribisha soda. Akijitokeza, shauri litaanza Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au litarudi mahakamani kwenye mirathi, na nyumba yako itakaa na zuio miaka kadhaa. Hata mwenye haki husubiri: Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake.

Mwenye nyumba akiwa hai, muulizie mwenzi wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Ridhaa hiyo iandikwe na isainiwe mbele ya wakili, mke akiwa amekaa pale, si sahihi iliyoletwa kutoka chumbani. Nimemwona bwana mmoja wa Mtoni akija na mke na vyeti vyote, mambo yakiwa safi, kumbe mke mwenye nyumba hasa, aliyeijenga naye tofali kwa tofali, yuko Tandika na hajapewa talaka.

Mwenye nyumba akiwa nje ya nchi, yaani Muscat, London au Minnesota, atamtumia ndugu mwenye hati ya uwakilishi. Iulizie kama imesajiliwa, na umpigie mwenye mali kwa video umwone uso. Uwakilishi hufa na aliyeutoa. Ndugu wengine huendelea kuutumia baada ya matanga.

Usisahau waliomo vyumbani. Nyumba ya vyumba 6 huenda ina familia 6, kila moja imelipa kodi ya miezi 6 mbele, na mmoja wao yupo tangu enzi za Mwinyi. Mkataba wako useme nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu, au wapangaji wakiwemo na kodi yao ikihesabiwa kwako tangu tarehe fulani. Sehemu ya fedha, na isiwe ndogo, ibaki hadi siku ya kukabidhiwa.

Watu wakieleweka, karatasi huenda haraka. Kwa kiwanja chenye hati, wakili wako aombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati: jina la mmiliki, rehani ya benki, zuio, masharti ya matumizi. Kwa chenye leseni au karatasi za mauziano, upekuzi ni wa miguu: manispaa, ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe, na majirani wa pande zote nne. Karatasi ya mauziano ya kwanza iwe halisi, maana nakala ina maana kwamba halisi yake huenda imelala kama dhamana kwenye kikundi cha kukopeshana au kwa mkopeshaji binafsi. Viongozi wa mtaa wana umuhimu wao, wanawajua watu, lakini muhuri wao hauhamishi umiliki. Ile asilimia ya bei inayoombwa katika baadhi ya ofisi za mitaa kama haki ya mtaa haimo kwenye sheria ya ardhi. Ukitoa, omba risiti, uone kama itapatikana.

Kuna karatasi moja ndogo ambayo wanunuzi huisahau, nayo ni risiti ya LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme: nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023, na nyumba za ghorofa hulipa zaidi kwa kila sakafu. Ukinunua umeme wa shilingi 5,000 kwenye mita ya nyumba hiyo, utaona kama kuna deni linalokatwa. Ankara ya DAWASA nayo itakwambia deni la maji, na kodi ya pango la ardhi itajulikana kwa namba ya kiwanja. Madeni haya si makubwa sana kila mara, ila hukuonyesha mtu unayefanya naye biashara.

Sasa maji. Ukitaka kuijua nyumba ya Dar es Salaam, iende siku ya masika. Kiangazi kila mtaa ni mkavu, kila dalali ni mkweli. Kama huwezi kusubiri Machi hadi Mei, mvua huacha mwandiko wake: kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali, soketi zilizohamishiwa juu karibu na dirisha, friji iliyopandishwa juu ya matofali, mstari wa rangi mbili ukutani kwa nje, na mchanga laini uliotuama pembeni mwa uani. Simama mlangoni utazame barabara. Katika miaka ya karibuni mradi wa uendelezaji wa jiji, unaojulikana kama DMDP, umeweka lami na mitaro katika mitaa mingi ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Ni baraka kwa mtaa mzima, lakini nyumba iliyojengwa miaka ya 1960 iliwekwa sakafu kwa usawa wa njia ya mchanga ya wakati ule. Tangu hapo njia imemwagiwa kifusi, ikamwagiwa tena, kisha ikawekwa lami. Matokeo yake ukumbi uko chini ya barabara, unateremka kuingia ndani. Nyumba kama hiyo hata ikitiwa marumaru ya Kihispania itabaki kuwa bwawa la kupokea maji ya jirani.

Mito nayo ijue kwa majina. Msimbazi ndio maarufu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini, waathirika wakapelekwa Mabwepande, na mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zikapigwa X na kuvunjwa. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde hilo, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, na wakazi wengi wa pembezoni wamethaminiwa ili wahame. Ukiletewa nyumba ya bei rahisi Kigogo, Magomeni Suna au Hananasifu chini, swali la kwanza ni kama imo kwenye ramani ya mradi na kama mwenyewe amekwisha kulipwa fidia. Upande wa Sinza na Tandale kuna Mto Ng'ombe, na upande wa Temeke kuna Kizinga na Mzinga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo zipimwe na mpima mwenye kifaa, usikubali za dalali anayehesabu kwa hatua zake ndefu.

Barabara ina hesabu yake pia. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. X nyekundu maana yake umeifuata barabara, hulipwi. X ya kijani maana yake barabara imekufuata, utalipwa. Wanaouza hupaka rangi. Kwangua kidogo pembe ya ukuta unaotazama barabara uone tabaka la chini. Waliovunjiwa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 wengi walikuwa na nyumba nzuri kabisa, na baadhi walikuwa na hati mikononi. Mwenye fremu za biashara zinazogusa Barabara ya Kilwa au Mandela aulizwe TANROADS wamesema nini, na kwa mitaa ya ndani aulizwe TARURA.

Ukivuka yote hayo, ingia ndani.

Nyumba ya Kiswahili ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi ilianza kwa miti na udongo, boriti za mikoko na bati. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilipoanza mwaka 1966, na fedha zilipopatikana, wenye nyumba walibadilisha ukuta mmoja mmoja kwa tofali za saruji bila kuhama. Ukitazama kwa nje huwezi kujua. Pima unene wa kuta kwenye madirisha: ukikuta chumba cha mbele kina ukuta mnene na cha nyuma chembamba, ujue nyumba ilivalishwa kwa awamu. Gonga kwa kifundo cha kidole, udongo chini ya plasta hulia kwa sauti butu. Shida ya nyumba hizi si udongo wenyewe. Ni kwamba kuta mpya zilipandishwa juu ya msingi ambao haupo, na bila lenta ya kuzunguka nyumba. Kila ukuta unasimama peke yake, na ufa huanzia pembe ya dirisha ukapanda mshazari.

Si kila ufa ni wa kuogopa. Ule mwembamba wa plasta, unaotambaa ovyo, ni wa mchanganyiko mbaya au jua. Ogopa unaopita ndani ya tofali na kutokea upande wa pili, unaopanuka kwenda juu, au ulioachanisha ukuta na sakafu. Mbagala ongeza swali moja: nyumba hii ilikuwepo tarehe 29 Aprili 2009? Siku hiyo ghala la silaha la jeshi lililipuka, watu zaidi ya 20 wakafa na maelfu ya nyumba zikaathirika. Wapo walioziba nyufa kwa plasta na kuendelea na maisha. Gongo la Mboto lilifuata Februari 2011. Nyumba iliyotikiswa hivyo inahitaji mhandisi, siyo mpaka rangi.

Chumvi ni ugonjwa wetu wa pwani. Utaona plasta inapukutika kuanzia chini hadi kiunoni, rangi inavimba, na unga mweupe. Maji ya ardhini hupanda ukutani yakibeba chumvi, na kama mchanga uliotumika ulitoka karibu na bahari, ndani ya ukuta kuna chumvi tayari. Wauzaji wamejifunza kubandika marumaru hadi kiunoni kote sebuleni. Inapendeza, lakini huficha. Tazama upande wa pili wa ukuta huo huo, chumbani nyuma ya kitanda, ambako hakuna aliyejisumbua.

Panda darini, au mtume fundi uliyemlipa wewe. Mchwa hula kenchi kimya kimya, na boriti iliyoliwa huonekana nzima hadi uichome kwa bisibisi. Bati likiwa na kutu kwenye misumari tu, linabadilishwa. Mbao zikiwa zimeliwa, paa zima linashuka, na hiyo ni gharama nyingine kabisa. Nyumba zenye mabati mazito ya kijivu ya saruji huenda ni asbesto: usiruhusu mtu kuyakata wala kuyapasua kiholela, kwani vumbi lake huua mapafu.

Swali ambalo naona huwashtua wauzaji kuliko yote ni hili: shimo la kwanza la choo lilikuwa wapi? Nyumba iliyokaliwa miaka 60 imechimba mashimo matatu, manne. Yalijaa, yakafukiwa, na uani ulipojengwa banda la vyumba vya kupangisha, baadhi yalibaki chini ya sakafu. Chumba cha uani ambacho sakafu yake imezama katikati kimekaa juu ya shimo. Mtandao wa maji taka haujafika mitaa mingi, kwa hiyo uliza pia gari la kunyonya linaingiaje. Kichochoro kikiwa chembamba kuliko gari, wakazi hutapisha choo mvua ikinyesha, na hilo utalinusa mwenyewe.

Na kaburi. Mbagala, Tuangoma, hata ndani ya Temeke, viwanja vingi vilikuwa mashamba, na wenye mashamba walizikana humo humo. Kaburi chini ya mwembe huenda limekwisha kuwa tambarare. Kulihamisha kuna sheria yake tangu 1969, na kuna ndugu wa marehemu ambao hawakuuza kaburi.

Wengi wanaoniita hawataki nyumba hata kidogo. Wanataka kupandisha ghorofa. Magomeni Kota imewatia hamu: nyumba za zamani ziliondolewa, maghorofa ya kaya 644 yakazinduliwa Machi 2022, na kila mwenye kiwanja jirani akaona mnara kichwani mwake. Kwa hawa neno langu ni fupi. Msingi wa nyumba ya Kiswahili haubebi ghorofa. Utabomoa kila kitu, utahitaji kibali cha manispaa na mhandisi aliyesajiliwa, na kiwanja kiwe na upana wa kutosha kuacha nafasi na jirani. Jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 lilianguka huku kukiwa na uchimbaji chini yake. Jirani yako Temeke akichimba msingi mrefu ukutani kwako, nyumba yako kuukuu iko katika hatari hiyo hiyo.

Bei sasa, nami nitatumia mfano wa kubuni. Tuseme muuzaji wa Temeke anataka milioni 180 kwa nyumba ya vyumba 6, kila kimoja kinalipwa 80,000 kwa mwezi. Hiyo ni 480,000 kwa mwezi, 5,760,000 kwa mwaka, kabla ya matengenezo na chumba kilichokaa bila mpangaji. Kwa mwendo huo fedha yako itarudi baada ya miaka 31. Ikiwa na fremu mbili za mbele za 200,000 kila moja, mapato yanafika 10,560,000 kwa mwaka, na miaka inashuka kuwa 17. Ndiyo tofauti ya nyumba inayotazama njia na ile ya ndani, na ndiyo maana fremu mbili zilizo halali zina thamani kuliko vyumba vinne vilivyopakwa rangi.

Halafu ulizia kiwanja kitupu cha ukubwa ule ule katika mtaa ule kinauzwaje. Kikiwa milioni 130, basi kuta unalipia milioni 50. Je, zina thamani hiyo? Kwa nyumba ya kabla ya 1970 ambayo haijajengwa upya, jibu langu karibu kila mara ni hapana. Kuna nyumba ambazo thamani ya kuta ni chini ya sifuri, kwa kuwa kuzibomoa na kusomba kifusi ni gharama. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuishi ndani na kupangisha uani ana sababu ya kulipa kidogo zaidi. Mwenye nia ya kujenga upya asilipe hata shilingi moja ya kuta. Mthamini aliyesajiliwa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016, atakupa takwimu utakayoiweka mezani, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na punguzo utakalopata.

Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji: kwa mkazi wa Tanzania anayeweza kuonyesha gharama zake, ni asilimia 10 ya faida, na bila karatasi ya TRA uhamisho haukamiliki. Anayekwambia anataka bei yake safi mkononi anakutupia mzigo huo. Na anayekushawishi muandike bei ndogo kwenye mkataba anakuibia mara mbili: siku utakapouza, faida yako itaonekana kubwa, na siku mgogoro utakapotokea, mkataba utakaousimamia mahakamani utasema ulilipa nusu.

Malipo yapite benki, kwa jina lililo kwenye hati au la msimamizi wa mirathi, kwa awamu zinazofuata hatua: kidogo baada ya upekuzi, sehemu baada ya saini zote, salio siku ya funguo. Muuzaji akikataa kukupa wiki mbili za upekuzi kwa hoja kwamba kuna Mhindi au bosi wa Mwanza anakuja kesho na fedha taslimu, mwambie amuuzie huyo bosi. Nyumba za urithi Kinondoni na Temeke bado ni nyingi. Tafuta wakili wako, fundi wako na mthamini wako kabla hujamtafuta dalali, uende nao siku ya mvua.